Dizeli ya zamani inavuja oili kwa nyuma, mafundi wanasema sili ya krenki. Nishushe gia boksi?

#1 Stiki_ya_Oili (mleta uzi)

Wakuu, nawasalimu.

Nina dizeli ya zamani ya silinda 4, lita 2.8, haina tabo. Kamshafti, shafti inayofungua valvu, iko juu na inazungushwa na mkanda wa taimingi. Pampu ya vakyumu ya breki imefungwa mgongoni mwa alteneta. Inawaka vizuri hata asubuhi ya baridi, haina moshi wa kutisha na nguvu yake haijapungua. Shida yake ni kuvuja oili tu. Nikiegesha usiku, asubuhi nakuta doa jeusi chini, usawa wa pale injini inapoungana na gia boksi. Nikitoka safari ndefu ndiyo balaa, chini ya gari kunalowa mpaka kwenye difu ya nyuma.

Kila fundi aliyeingia uvunguni ametoka na jibu moja: sili ya nyuma ya krenki, ile inayozuia oili pale shafti kuu ya injini inapotokea nyuma. Kazi hiyo ni kushusha gia boksi, kutoa klachi, kutoa flaiwili, lile gurudumu zito lililofungwa nyuma ya krenki. Siiogopi kazi, ninachoogopa ni kuimaliza halafu doa likabaki palepale. Sili ya injini hii ni ya mpira, duara zima, si ya kamba.

Wenye uzoefu mngeanzia wapi? Nitaleta majibu humu kila nikimaliza hatua.

#2 Spana_Kumi

Mkuu, dalili zote ulizotaja ni za sili ya nyuma. Doa liko kwenye maungio ya injini na gia boksi, safari ndefu inazidisha, na gari lina umri. Shusha gia boksi, badili sili, na klachi kama imekaribia kuisha ibadili humohumo. Usijichoshe na uchunguzi.

#3 Mzee_wa_Flaiwili

Spana_Kumi namheshimu, lakini hapa sikubaliani naye.

Oili haidondoki pale inapotokea. Inatoka juu, inateremka na ukuta wa bloku, inapenya kwenye maungio, upepo wa feni na wa mwendo unaisukuma nyuma, halafu inadondokea sehemu iliyo chini kuliko zote. Kwenye injini iliyolala kwa urefu wa gari, sehemu hiyo karibu kila mara ni chini ya nyumba ya klachi. Ndiyo maana uvujaji wa sehemu nyingi tofauti unaleta doa lile lile, na ndiyo maana sili ya nyuma inasingiziwa kuliko kipuri kingine chochote.

Anza kwa kusafisha. Osha injini mpaka rangi ya bloku ionekane, osha na nyumba ya klachi, na upande wa juu wa gia boksi usiusahau. Kwenye injini chafu huwezi kuona kitu, utakuwa unabahatisha tu. Ikishakauka, iwashe ikiwa imesimama, tochi mkononi, uanze kuangalia kutoka juu kwenda chini. Sehemu ya juu kabisa yenye unyevu mpya ndiyo ya kushughulikia kwanza. Za chini yake zisubiri, nyingi zitakuwa zimelowa kwa kudondokewa.

Sasa nikutajie watuhumiwa. Tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, hasa kona yake ya nyuma ambako mkono haufiki vizuri. Pale pale nyuma kuna raba ya nusu mwezi inayoziba tundu la mwisho wa kamshafti kwenye hedi, kichwa cha injini. Ikikauka inakuwa ngumu kama mfupa na oili inapita chini yake. Swichi ya oili. Nyumba ya filta, na kipozeo cha oili kama kipo. Hosi za pampu ya vakyumu, ile inayoleta oili na ile inayorudisha. Mahali bomba la stiki ya kupimia oili linapoingia kwenye bloku. Gasketi ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, kona za nyuma. Hapo bado hatujaigusa sili.

Watenge hao katika makundi mawili. Wapo wenye presha: swichi ya oili, filta, kipozeo, na hosi inayoleta oili kwenye pampu ya vakyumu. Hawa wanabeba presha ya pampu ya oili, bar 3 au 4 injini ikiwa kwenye mwendo, kwa hiyo ufa mdogo tu unaweza kukumalizia oili njiani. Waangalie leo. Kundi la pili ni tapeti kava, sampu na sili za krenki. Huko oili inarushwa au inateremka yenyewe, kwa hiyo hasara yake ni ya polepole na una muda wa kuchunguza kwa utulivu.

Kuhusu safari ndefu, hiyo haithibitishi sili. Oili ya kawaida ya 15W-40 ikiwa kwenye nyuzi 100 ni nyepesi takriban mara saba kuliko ikiwa kwenye nyuzi 40. Penye nafasi ndogo palipokuwa panatoa unyevu, oili ikipata moto panatoa matone. Gasketi yoyote iliyochoka itavuja zaidi ukitoka safari.

Kitu kimoja zaidi kabla hujagusa bolti ya gia boksi. Chini ya nyumba ya klachi injini nyingi zina tundu dogo au kifuniko cha bati. Fungua, chungulia kwa tochi. Sili ikivuja, flaiwili inairusha oili ile kwa duara, utakuta ukuta wa ndani umelowa pande zote. Ndani pakiwa pakavu na nje pamelowa, oili inatoka juu.

#4 Bi_Gasketi

Mzee ameeleza vizuri. Niongeze ya kuosha, maana hapo watu wanaharibu vitu.

Injini ipoe kwanza. Maji baridi ya presha yakipiga pampu ya dizeli ikiwa ya moto, inaweza kukwama, na ukarabati wa pampu unazidi mbali wa sili. Alteneta ifunike na nailoni. Grisi na matope yaliyogandamana yalainishe kwa mafuta ya taa au sabuni ya kuoshea injini, brashi, halafu maji ya kawaida. Petroli usithubutu, mvuke wake unashika moto kwa cheche ndogo tu ya waya wa betri.

Ikikauka, nyunyizia poda nyeupe ya kawaida, ile ya kupaka mwilini, sehemu zote unazozishuku. Iwashe, ipashe moto, izungushe kidogo mtaani, urudi uangalie. Oili ikigusa poda inaacha mchirizi mweusi ambao unaufuata kwa jicho mpaka chanzo chake. Ipo na rangi ya kuchanganya kwenye oili, inayong'aa ukiimulika kwa taa ya zambarau. Ni nzuri, lakini kwenye dizeli itie ukishabadili oili. Masizi ya oili iliyotumika yanaimeza ile rangi na hutaona kitu.

Halafu hakikisha kuwa kinachodondoka ni oili ya injini. Weka tone kwenye karatasi nyeupe inayonyonya, liache litandae. Oili ya injini ya dizeli inaacha kiini cheusi cha masizi. Ya gia boksi ina harufu kali ya salfa na haina weusi ule. Ukiona duara pana la mafuta mepesi limezunguka kiini cheusi, ujue oili yako imechanganyika na dizeli, na hiyo ni kesi nyingine kabisa, tena ya haraka.

Na kiwango kwenye stiki kikoje? Kama kinapanda bila wewe kuongeza, usiiwashe tena mpaka ujue sababu. Dizeli yenye oili iliyopita kiasi inaweza kuivuta kupitia bomba la kupumulia, ikaanza kuichoma kama mafuta na kupanda mzunguko yenyewe. Ikifika hapo ufunguo hauizimi, inazimwa kwa kuziba njia ya hewa.

#5 Stiki_ya_Oili (mleta uzi)

Asanteni sana. Nimeosha, nimeikausha, nimepiga poda.

Kiwango hakipandi, kinashuka. Tone kwenye karatasi limeacha kiini cheusi bila duara la dizeli, kwa hiyo ni oili ya injini.

Nimechungulia kwenye tundu la nyumba ya klachi. Ndani pakavu. Kuna vumbi la klachi limekaa kwenye ukuta, halijalowa.

Kwa juu nimeona mambo mawili. Nyuma ya hedi, chini ya raba ya nusu mwezi, poda imekatika na kuna mchirizi unashuka mgongoni mwa bloku mpaka kwenye maungio ya gia boksi. La pili limenishangaza: stiki ya oili haikai chini. Naisukuma mpaka mwisho, nikitoka kuzunguka nakuta imejiinua na shingo ya bomba lake imelowa.

Nibadili gasketi ya tapeti kava na ile raba, nifunge kazi?

#6 Mzee_wa_Flaiwili

Gasketi utabadili, lakini si sasa. Hilo la stiki ni kubwa kuliko unavyolichukulia.

Stiki haijiinui, inasukumwa. Ndani ya injini kuna presha ambayo haikupaswa kuwepo. Injini yoyote inapitisha moshi kidogo kandokando ya ringi za pistoni, na moshi huo unatoka kwa bomba la kupumulia, ile briza ya kwenye tapeti kava. Moshi ukiwa mwingi kuliko uwezo wa briza, au briza ikiziba, presha inajikusanya na kutafuta pengine pa kutokea. Inaanza na sehemu dhaifu, raba iliyokauka, shingo ya stiki, ulimi wa sili, na inatoka pamoja na oili. Ukifunga gasketi mpya juu ya presha hiyo, oili itahamia sehemu ya pili kwa udhaifu. Hapo ndipo utakapoipata sili ya nyuma inayovuja kweli.

Pima kwanza. Chukua mpira mwembamba unaopitisha mwanga, ukunje kama herufi U, ufunge kwenye ubao, utie maji mpaka nusu. Ncha moja ichomeke kwenye bomba la stiki pasipopita hewa, nyingine iache wazi. Mikono ya U iwe mirefu, maji yasije yakamwagika au yakavutwa ndani. Briza iache kama ilivyo kila siku. Washa injini ikiwa na moto, ikiwa imetulia bila kukanyaga mafuta, usome tofauti ya maji kati ya mkono mmoja na mwingine. Sentimita 10 za maji ni kilopaskali 1. Unaweza kuiona ni namba ndogo, lakini kwa gasketi zilizochoka inatosha kabisa kutoa oili nje.

#7 Spana_Kumi

Nimeona hilo la stiki, na kuhusu sili nakubali, ndani pakiwa pakavu si yenyewe. Ila basi kama injini inapumua kiasi hicho, ringi zimekwisha. Ajiandae kufungua injini.

#8 Bi_Gasketi

Huenda, lakini tusiihukumu kabla ya kupima kompresheni, yaani presha ya hewa pistoni inapoibana ndani ya silinda. Mleta uzi, tafuta geji ya dizeli. Ya petroli haifai, kipimo chake kinaishia chini mno. Dizeli nyingi za zamani zenye chumba cha awali cha kuchomea hutoa karibu bar 30 zikiwa mpya, na vitabu vingi vinaruhusu hadi karibu bar 20, tofauti kati ya silinda na silinda isizidi bar 5. Thibitisha kwenye kitabu cha injini yako. Pima injini ikiwa na moto, betri iwe imejaa, na waya wa kuzimia pampu ya dizeli uchomoe, isije ikarusha mafuta.

Kabla ya hapo fungua briza. Ndani ya tapeti kava kuna wavu au vibati vya kuchuja oili, na vikikaa miaka vinajaa uji mweusi. Hosi yake ikague kwa kuibinya, zipo zinazosinyaa kwa ndani huku nje zikionekana nzima. Na kama briza yako inaishia chini ya gari badala ya kurudi kwenye njia ya hewa, chunguza ncha yake. Matope yanaziba, na wadudu wanajenga humo.

#9 Stiki_ya_Oili (mleta uzi)

Nimerudi na namba, wakuu.

Presha kwa mpira wa maji, injini imetulia: sentimita 14.

Briza ilikuwa chafu kweli, wavu umejaa uji mzito. Nimeuloweka kwenye mafuta ya taa mpaka nikaweza kuona upande wa pili, na hosi nimebadili. Presha ikashuka mpaka sentimita 11. Imepungua, lakini bado ipo.

Kompresheni kuanzia silinda ya kwanza: bar 27, 26, 27, 25.

Kwa hiyo hapa nimekwama. Briza safi, ringi zinaonekana nzima, na stiki bado inapanda.

#10 Dizeli_Tulivu

Nimefuatilia uzi kimya tangu mwanzo. Kwa kompresheni hiyo, tafadhali usifungue injini. Hebu jibu hili: ukikanyaga breki injini ikiwa inawaka, unasikia sauti ya hewa inayovuja karibu na pedali au kwenye busta, kile chombo kinachotumia vakyumu kulainisha pedali?

Nakuuliza kwa sababu ulisema pampu ya vakyumu iko mgongoni mwa alteneta. Pampu hiyo inavuta hewa kutoka kwenye busta ya breki, na hewa inayoivuta lazima iitoe mahali. Inaitoa ndani ya injini, kupitia hosi ile ile inayorudisha oili kwenye sampu. Mfumo ukiwa mzima, baada ya sekunde chache vakyumu inakamilika na pampu haina tena hewa ya kusukuma. Mfumo ukivuja, pampu inafanya kazi bila kupumzika na kila inachovuta inakimwaga kwenye injini. Alteneta inazunguka kwa kasi kuliko krenki, kwa hiyo hewa hiyo ni nyingi, inaweza kushinda moshi unaopita kwenye ringi.

Mafundi wengi wanaoangalia uvujaji wa oili hawagusi breki, na wanaoangalia breki hawaangalii stiki. Ndiyo maana tatizo hili linajificha.

Kupima ni rahisi. Gari lisimame, magurudumu yawekewe vizuizi. Mpira wako wa maji uwe kwenye bomba la stiki. Chomoa hosi ya vakyumu pale kwenye pampu, ziba mdomo wa pampu kwa kifuniko cha mpira, washa, soma. Presha ikianguka, umempata. Isipoanguka, rudi kwenye ringi na miongozo ya valvu. Na usiliendeshe gari hosi hiyo ikiwa nje, breki zitakuwa ngumu sana.

#11 Mzee_wa_Flaiwili

Dizeli_Tulivu, hapo umegusa penyewe. Kwenye malori ya breki za upepo kuna ndugu yake: kompresa ya upepo ikichoka ringi, inapuliza ndani ya injini kupitia njia yake ya kurudishia oili. Watu wamefanya ovahoo ya injini nzima na kompresa ile ile mbovu ikarudishwa ubavuni.

#12 Stiki_ya_Oili (mleta uzi)

Wakuu, imeanguka! Nimeziba mdomo wa pampu, maji yameshuka kutoka sentimita 11 mpaka 2. Nimeachia, yamepanda. Nimeziba tena, yameshuka.

Sauti ya hewa haikusikika kwa sababu ya mlio wa injini. Nimepaka maji ya sabuni hakuna kilichotoa povu, na baadaye nikaelewa kwamba hewa inaingia badala ya kutoka, povu lingetoka wapi. Nikachukua kipande cha mpira, ncha moja sikioni, nyingine nikaipitisha polepole kwenye hosi na maungio. Mluzi unatoka kwenye raba inayoshika valvu ya njia moja pale kwenye busta. Imepasuka upande wa chini usioonekana.

Pedali haijawahi kuwa ngumu hata mara moja, ndiyo maana sikuwahi kufikiria breki.

#13 Dizeli_Tulivu

Pedali haikuwa ngumu kwa sababu pampu yako ni nzima, ilikuwa inaushinda ule ufa. Badili raba na valvu yake kwa pamoja, na hosi kama imekakamaa. Weka hosi ya vakyumu hasa, ya kawaida inasinyaa ikivutwa. Ukimaliza pima tena presha kabla ya kugusa gasketi, na ujaribu breki ukiwa umesimama kabla ya kuingia barabarani.

#14 Bi_Gasketi

Sasa ndiyo zamu ya tapeti kava. Naomba uifanye kwa utaratibu, maana gasketi nzuri inaharibiwa na mikono.

Ukiitoa, igeuze uilaze kwenye kioo au bati lililonyooka. Za bati la kukandamizwa karibu zote zinakuwa zimebonyea kwenye matundu ya bolti, kwa sababu kila aliyeona oili aliongeza kukaza. Nyoosha kwa nyundo ndogo, ukiegemeza kwenye chuma, mpaka ukingo ukae sawa kote. Gasketi kuukuu ikwangue yote, ila hedi ya aluminiamu usiikwangue kwa chuma kikali, mkwaruzo mmoja ni njia mpya ya oili.

Raba ya nusu mwezi itoe, safisha kitanda chake kwa kitambaa na kiyeyusho mpaka pasiwe na utelezi. Silikoni haishiki penye oili. Paka utando mwembamba kwenye tao la raba, na tone dogo kwenye kona mbili ambapo tao linakutana na uso wa hedi. Penginepo gasketi ya mpira inakaa kavu. Nasisitiza hapo kwa sababu naona kava zimepakwa silikoni duara zima, nene. Inayobanwa kwenda nje inaonekana, inayobanwa kwenda ndani haionekani. Ile ya ndani inakatika, inashuka kwenye sampu na kukaa kwenye chujio la pampu ya oili. Umezuia tone, umeiua injini.

Bolti zake ni za M6. Kaza kuanzia katikati kwenda nje, kwa zamu, kwa namba ya kitabu chako, ambayo mara nyingi haizidi Nm 10. Silikoni iache ikauke muda ulioandikwa kwenye tyubu, nyingi zinataka hadi saa 24, ndipo uwashe.

#15 Mlima_Na_Trekta

Samahani kuingilia uzi. Nina trekta yenye injini ya Perkins ya silinda 3, na sili yake ya nyuma ni ya kamba. Inavuja, na nimechungulia ndani ya nyumba ya klachi, pamelowa duara zima. Haya ya presha yananihusu?

#16 Mzee_wa_Flaiwili

Yanakuhusu hata zaidi. Sili ya kamba haibani kama ulimi wa mpira. Nyuma ya krenki kumechongwa mifereji ya mshazari inayoirudisha oili ndani kadiri krenki inavyozunguka, na kamba inamalizia tu. Presha kidogo inaishinda mifereji hiyo. Pima kama tulivyoeleza hapo juu.

Ukikuta presha ni ya kawaida, ndipo ushushe. Kamba ya zamani ilisukwa kwa asbesto, ambayo vumbi lake linadhuru mapafu, kwa hiyo usiikwangue ikiwa kavu wala kuipuliza kwa upepo. Ilowanishe, itoe ikiwa nzima, ifunge kwenye mfuko. Mpya ikandamize kwenye nyumba yake kwa kitu cha mviringo kama mpini laini, ukianzia ncha mbili ukija katikati, ncha zibaki zimetokeza kidogo kama kitabu kinavyosema, uipake oili kabla ya kufunga. Uchezaji wa krenki uupime kwa geji ya saa. Beringi kubwa zikiwa zimekwisha, krenki inayumba na hakuna sili itakayoziba.

Na flaiwili ikiwa nje, kagua vizibo vya njia za oili vilivyo nyuma ya bloku. Kizibo kinachovuja kinalowesha flaiwili kwa namna ile ile ya sili, na ukikiruka utashusha tena.

Wenye sili za mpira nao wapitishe ukucha pale ulimi unapokaa kwenye krenki. Mfereji ukihisika, sili mpya isikae pale pale. Iingize au itokeze milimita moja au mbili kama nyumba yake inaruhusu, au vika krenki ringi nyembamba ya chuma ya kurekebishia. Zile sili mpya za plastiki nyeupe, za PTFE, zinafungwa kavu bila tone la oili. Ukizipaka oili utando wake haukai kwenye krenki na itavuja tangu siku ya kwanza.

#17 Spana_Kumi

Kuna dawa ya kuzuia uvujaji inayotiwa kwenye oili. Mnaionaje kwa mtu asiyeweza kushusha gia boksi sasa hivi?

#18 Bi_Gasketi

Nyingi zinafanya kazi kwa kulainisha na kuvimbisha mpira. Ulimi wa sili uliokauka unaweza kurudi kidogo kwa muda. Haizibi gasketi ya karatasi iliyokatika, haizibi chuma kilicholika, wala haipunguzi presha. Na inavimbisha kila mpira ulioko ndani, hata ule uliokuwa mzima. Mimi siitumii kwenye injini ninayotaka idumu.

#19 Stiki_ya_Oili (mleta uzi)

Kazi imekamilika. Raba ya busta na valvu mpya, presha imesimama kwenye sentimita 2. Tapeti kava ilikuwa imebonyea kama Bi_Gasketi alivyosema, nimeinyoosha, gasketi na nusu mwezi vipya. Nimepiga poda upya nikatoka safari ndefu, na mgongo wa bloku ni mweupe mpaka chini. Stiki inakaa ilipo. Gia boksi haijaguswa.

Kimebaki kitu kimoja. Kwenye hosi inayorudisha oili kutoka pampu ya vakyumu kuna unyevu mdogo upande wa sampu, na mbele nimeona kifuniko cha mkanda wa taimingi kimelowa kidogo kwa chini. Naweza kuviacha niviangalie kwanza?

#20 Dizeli_Tulivu

Hosi badili wiki hii. Ile imepitisha oili ya moto pamoja na hewa nyingi kwa muda mrefu, itakuwa imekakamaa, na juu yake kuna alteneta. Oili ikiingia kwenye brashi utatafuta na alteneta.

Kifuniko cha mkanda usikiache. Fungua uangalie kama oili imeugusa mkanda. Ukiwa umelowa, haufuti ukarudisha, unabadili, maana oili inalainisha mpira wake, meno yanang'oka, na kwenye injini nyingi za aina hii mkanda ukikatika pistoni zinagonga valvu. Ukiwa umefungua, badili sili ya mbele ya krenki na ya kamshafti kwa pamoja, kagua na beringi ya kikazio cha mkanda. Sili ya shafti ya pampu ya dizeli ichunguze pia, kwa harufu, kwa sababu ikivuja yenyewe ni dizeli inayolowesha mkanda na si oili. Kabla ya kutoa mkanda hakikisha alama zote za taimingi zimekaa, ya krenki, ya kamshafti na ya pampu, na ukishafunga zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili uzitazame tena ndipo upige stata.

#21 Stiki_ya_Oili (mleta uzi)

Nimefungua kifuniko. Mkanda umelowa ukingo mmoja, na harufu ni ya oili. Nimeagiza mkanda, sili mbili na kikazio. Gari nimeliegesha mpaka vifike.